Kiungo Kilichovimba Pamoja na Homa Kisisubirishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa maoni ili nieleze jambo ambalo, kwa muda wote niliofanya kazi ya uuguzi katika chumba cha wagonjwa wa nje, nililiona likijirudia na kuniumiza roho. Mtu anafika akiwa na homa, anasema viungo vinamuuma, na kwamba kila asubuhi vidole vimekakamaa hata kufunga kifungo cha shati kunamshinda. Kabla hajamaliza kueleza ameshapewa jibu: ni malaria, au ni baridi yabisi, au ni uchovu tu. Anaandikiwa dawa ya kutuliza maumivu na kuruhusiwa kwenda nyumbani, na katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyeligusa goti lenyewe. Homa inayofuatana na maumivu ya viungo ina sababu nyingi. Baadhi yake huisha zenyewe, na baadhi yake huharibu kiungo kwa siku chache au huacha kilema katika moyo kwa maisha yote. Kazi ya kuzitenganisha huanza kwa kukitazama kiungo, kukishika na kumuuliza mgonjwa maswali yanayostahili, na kazi hiyo haiwezi kufanywa baada ya maumivu kuzimwa kwa dawa.

Jambo la kwanza la kujiuliza ni kama viungo vinauma tu au vimevimba. Malaria, mafua makali na homa nyingine nyingi humfanya mtu ahisi mwili mzima umepondwa, misuli na viungo pamoja, lakini ukimkagua hutaona goti lililojaa wala kifundo chenye joto. Kiungo kikishavimba, hali imebadilika. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limesisitiza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kutibiwa, na huo ni ushauri wa busara. Hata hivyo, kipimo kinachoonyesha vimelea hakielezi kwa nini goti moja limevimba, kwa sababu mtu mmoja anaweza kubeba maradhi mawili kwa wakati mmoja. Nimewahi kuwaona wenzangu wakitulia mno baada ya kupata jibu la maabara, kana kwamba jibu hilo limefunga mjadala wote.

Kukagua kiungo hakuhitaji mashine. Mgonjwa alale chali, magoti yote mawili yawe wazi, na anayemkagua apitishe mgongo wa kiganja kutoka pajani hadi gotini, kisha hadi kwenye muundi, upande mmoja na baadaye wa pili. Goti lenye afya huwa na ubaridi kidogo kuliko paja. Likiwa na joto sawa na paja au kulizidi, kuna jambo ndani yake. Pembeni mwa kilegesambwa, yaani mfupa wa mbele ya goti, huwa na vibonde viwili vidogo ambavyo hupotea maji yanapojaa. Baada ya hapo mgonjwa akunje goti mwenyewe kadiri awezavyo, kisha akunjiwe taratibu bila yeye kutumia nguvu. Uvimbe ukiwa ndani ya kiungo, kila upande unaojaribu kukipeleka utauma, lakini ukiwa kwenye ngozi au kwenye vifuko vilivyo nje ya kiungo, baadhi ya mienendo huendelea bila shida kubwa. Ukaguzi huu hauzidi dakika chache, na mara nyingi ndio unaoamua kama mgonjwa atapelekwa mbele usiku huo huo au ataambiwa arudi baada ya siku tatu.

Ninachokihofia kuliko vyote ni kiungo kimoja, hasa goti au nyonga, kilichovimba ghafla, chenye joto, kinachouma hata kikiwa kimetulia, kwa mtu mwenye homa. Hali hiyo ichukuliwe kuwa ni maambukizi ya bakteria ndani ya kiungo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Bakteria wanaoongoza kwa kusababisha tatizo hili ni stafilokokasi, ambao huingia kupitia damu kutoka kwenye jipu, kidonda au mahali pengine penye maambukizi, na wakati mwingine kupitia jeraha au sindano iliyochomwa kwenye kiungo chenyewe. Usaha unapojikusanya ndani ya nafasi ile ndogo, gegedu linalofunika ncha za mifupa huanza kuliwa ndani ya siku chache, na gegedu likishaharibika halioti tena kama lilivyokuwa. Mgonjwa anayesubirishwa wiki nzima akiwa na vidonge vya maumivu mfukoni anaweza kupona maambukizi na kubaki na mguu usiokunjika, na wapo wanaopoteza maisha kwa sababu bakteria wamesambaa katika damu.

Matibabu yake yana mpangilio ambao haufai kupinduliwa. Kwanza ute wa kiungo huvutwa kwa sindano na mtu mwenye ujuzi, ukapelekwa maabara kuangaliwa chembe nyeupe, bakteria na fuwele, pamoja na kuoteshwa, yaani kukuzwa ili bakteria waliomo watambulike. Damu nayo huchukuliwa kwa ajili ya kuoteshwa. Ndipo antibiotiki huanza kupitia mshipa, na usaha huondolewa kwa kuvutwa tena na tena au kwa upasuaji wa kusafisha. Dawa huendelea kwa wiki kadhaa. Anayeanza kumeza vidonge vya antibiotiki vilivyobaki nyumbani hamsaidii daktari, kwa kuwa vidonge hivyo havitoshi kuua maambukizi ndani ya kiungo lakini vinatosha kuwaficha bakteria maabara, na baada ya hapo inakuwa vigumu kujua ni dawa ipi ingefaa. Kama mgonjwa tayari ana dalili za sumu kusambaa mwilini, dawa haisubiri majibu. Lakini huo ni uamuzi wa wanaomtibu hospitalini, si wa nyumbani.

Niongeze kwamba homa kali si sharti. Wazee, watoto wachanga, wenye kisukari, na wanaotumia dawa zinazopunguza kinga wanaweza kuwa na usaha ndani ya kiungo huku kipimajoto kikionyesha joto la kawaida au lililopanda kidogo tu. Kwa mtoto mchanga dalili inaweza kuwa kulia kila anapobadilishwa nepi, au kuacha mguu mmoja ukilala bila kuuchezesha kama ule mwingine. Mtoto aliyekuwa anatembea na leo hataki kukanyaga, akiwa na homa, anahitaji kuonwa leo, hata kama hakuna uvimbe unaoonekana, kwa sababu nyonga iko ndani sana na uvimbe wake hauonekani kwa macho. Mara nyingi mtoto wa aina hii hulalamikia goti ilhali tatizo liko nyongani, na anayekagua goti peke yake huondoka na faraja ya uongo.

Ugonjwa wa pili ninaotaka kuuzungumzia kwa kirefu ni homa ya rumatiki, ambayo huwapata hasa watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15. Huanza na koo. Mtoto anaumwa koo kutokana na bakteria wa streptokokasi kundi A, anapona au anaonekana amepona, na wiki mbili hadi nne baadaye anapata homa na maumivu ya viungo vikubwa. Tabia ya maumivu hayo ni ya kuhama: leo ni goti la kulia, keshokutwa goti limepoa na kifundo cha mguu kimevimba, kisha kiwiko. Kwa kuwa kila kiungo hupona chenyewe bila kuacha alama, na kwa kuwa dawa za maumivu huutuliza uvimbe huo haraka mno, wazazi wengi huona tatizo limekwisha. Kumbe wakati huo huo mwili unaushambulia moyo, na vali zake, yaani milango midogo inayoongoza damu ndani ya moyo, zinaweza kubaki na makovu yatakayojitokeza miaka mingi baadaye kama kuhema kwa shida, mara nyingi kwa msichana aliyekuwa na afya na sasa ana mimba yake ya kwanza. Mtoto mwenye viungo vinavyohamahama pamoja na homa asikilizwe moyo, apimwe damu na umeme wa moyo, na mahali ambapo kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti kinapatikana, apimwe.

Kinachotia uchungu ni kwamba ugonjwa huu unazuilika. Koo la streptokokasi likitibiwa kwa penisilini ndani ya siku tisa tangu lianze kuuma, homa ya rumatiki kwa kawaida haifuati. Aliyekwisha kuipata hulindwa kwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka isiyopungua mitano, na kwa ambaye moyo wake umeathirika miaka hiyo hufika kumi au zaidi. Najua sindano hiyo inauma. Najua pia kwamba mtoto anayejisikia mzima hataki kuifuata, na mzazi aliyechoka hukubali kuahirisha mara moja, kisha mara ya pili. Shambulio linalorudi ndilo humalizia vali zilizobaki, na kwa sababu hiyo nawaomba wahudumu wenzangu wasichoke kueleza sababu ya sindano hiyo kila mtoto anapokuja, si siku ya kwanza tu.

Kundi jingine kubwa ni la virusi. Chikungunya, ambayo ilielezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, huenezwa na mbu aina ya Aedes wanaouma mchana. Homa yake hupanda ghafla, na maumivu hushika viganja, vifundo vya mikono na miguu pande zote mbili, kiasi kwamba mgonjwa hutembea akiwa ameinama na kushindwa kushika kikombe. Upele unaweza kutokea. Homa huisha ndani ya wiki moja au karibu, lakini kukakamaa kwa viungo huweza kubaki kwa wiki, miezi, na kwa baadhi ya watu hata zaidi ya mwaka. Mgonjwa ambaye hakuambiwa hili mapema hudhani amekosewa matibabu. Ndugu yake wa karibu, o'nyong'nyong, uliozuka kaskazini mwa Uganda mwaka 1959, hubebwa na mbu wale wale wanaoeneza malaria. Hakuna dawa inayoua virusi hivi. Matunzo ni mapumziko, maji ya kutosha na parasetamoli.

Hapo pana tahadhari inayopuuzwa sana. Homa ya dengi huenezwa na mbu huyo huyo wa mchana na huanza kwa dalili zinazofanana mno, ila yenyewe inaweza kusababisha kuvuja damu. Kwa hiyo, mtu mwenye homa ya ghafla na maumivu ya viungo katika eneo lenye dengi asitumie aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki mpaka dengi iondolewe katika orodha. Dengi ina hila nyingine: hatari yake kubwa huja homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya saba, si inapopanda. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au puani, na kulegea ni dalili za kurudi hospitalini mara moja hata kama kipimajoto kimetulia. Homa ya ini aina ya B, rubela na maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI nayo huweza kuanza kwa viungo kuuma na homa, na kuomba vipimo vyake hakupaswi kumtia mtu aibu.

Zipo pia hali ambazo ni historia ya mgonjwa inayozifichua, siyo kiungo. Aliyeharisha au kupata maambukizi ya njia ya mkojo wiki chache zilizopita, na sasa ana goti lililovimba na macho mekundu, huenda mwili wake unapambana na mabaki ya maambukizi yale. Kijana mwenye maumivu yanayohama, vipele vichache vyenye usaha na kano za mkono zinazouma anapoukunja anaweza kuwa na kisonono kilichoingia katika damu, hata kama hana dalili yoyote sehemu za siri. Aulizwe kwa staha, faraghani, na mwenzi wake atibiwe pia. Anayechunga au kuchinja mifugo, au kunywa maziwa yasiyochemshwa, akipata homa ya kupanda na kushuka, jasho jingi la usiku na maumivu ya kiuno na nyonga, afikiriwe brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, ambayo hutibiwa kwa dawa mbili kwa pamoja kwa muda usiopungua wiki sita na hurudi kwa anayekatisha. Kiungo kimoja au mgongo unaouma polepole kwa miezi, pamoja na kukonda na homa za jioni, unaweza kuwa kifua kikuu kilichotoka nje ya mapafu. Mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu aliyepata homa ni dharura bila kujali kiungo gani kinauma, maana maumivu ya kawaida ya ugonjwa wake na maambukizi ya mfupa hufanana sana.

Jongo nalo, ugonjwa unaoletwa na fuwele za asidi ya yuriki ndani ya kiungo, hudanganya. Shambulio lake hukomaa kwa saa chache, mara nyingi usiku na kwenye dole gumba la mguu, na huweza kuleta homa inayomfanya kila mtu afikirie usaha. Kiwango cha asidi ya yuriki katika damu kinaweza kuonekana cha kawaida wakati wa shambulio lenyewe, kwa hiyo fuwele zinazoonekana katika ute ndizo zinazotoa ushahidi, na hata zikionekana haimaanishi kwamba bakteria hawamo.

Kuhusu baridi yabisi, jina ambalo watu huliita kila ugumu wa viungo, ningependa litumike kwa uangalifu. Baridi yabisi ya kweli, ile ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe, hushika viungo vidogo vya mikono na miguu pande zote mbili, huendelea zaidi ya wiki sita, na ukakamavu wake wa asubuhi huchukua saa nzima au zaidi kabla ya kulegea. Huweza kuleta homa ndogo na uchovu, lakini homa kali si desturi yake. Mgonjwa wa siku nyingi wa baridi yabisi anayepata homa kali, au ambaye kiungo kimoja kimezidi vingine ghafla, asiambiwe kwamba ni ugonjwa wake ule ule umeamka. Dawa anazotumia hupunguza kinga, na viungo vyake vilivyokwisha kuumia ni rahisi zaidi kuingiwa na bakteria. Lupasi, ugonjwa mwingine ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, inayowapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa, huongeza upele wa usoni, vidonda vya mdomoni, nywele kukatika na athari za figo, na kipimo cha mkojo kisisahaulike. Kwa watoto, homa inayopanda mara moja kwa siku kwa wiki mbili au zaidi, ikifuatana na upele unaotokea na kupotea, ipelekwe kwa bingwa wa viungo au wa watoto.

Sasa nije kwenye matunzo. Mgonjwa ambaye hana dalili za hatari anaweza kupumzisha kiungo katika mkao unaompa nafuu, akanywa maji ya kutosha, na akatumia parasetamoli. Mtu mzima mwenye ini lenye afya asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, akihesabu pia parasetamoli iliyomo katika dawa za mafua. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Aspirini asipewe mtoto mwenye homa isipokuwa kwa agizo la daktari. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, kwa dakika 15 au 20, hupunguza uvimbe, ilhali kukanda kwa maji ya moto na kusugua kwa nguvu kiungo ambacho tayari kinawaka huongeza maumivu na huweza kuharibu zaidi. Uvimbe ukipungua, kiungo kianze kuchezeshwa kidogo kidogo kila siku, kwa kuwa kukilaza muda mrefu hukaza kano na kudhoofisha misuli; baada ya chikungunya mazoezi haya mepesi yana maana kubwa.

Nina neno zito kuhusu prednisoloni na deksamethasoni, dawa za jamii ya steroidi, ambazo watu huzimeza kwa ushauri wa jirani kwa sababu hutuliza maumivu ya viungo kwa saa chache. Ni dawa nzuri mkononi mwa anayejua anatibu nini. Kwa mtu mwenye usaha ndani ya kiungo, au kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, huzima kengele huku moto ukiendelea kuwaka, na aliyezitumia kwa wiki nyingi akiziacha ghafla anaweza kuanguka. Vidonge vya jamii ya diklofenaki navyo, vikimezwa kila siku bila usimamizi, huchubua tumbo na kuchosha figo, hasa kwa wazee na kwa mgonjwa aliyekaukiwa maji kutokana na homa.

Anayekwenda hospitalini atamsaidia sana daktari akifika na karatasi yenye mambo machache: homa ilianza lini na inapanda saa ngapi, ni viungo gani viliuma na kwa mfuatano upi, ukakamavu wa asubuhi huchukua muda gani, na dawa zote alizokwisha kumeza, pamoja na zile anazoona haya kuzitaja. Na asisubiri kesho ikiwa kiungo kimoja kimevimba na hakikanyagiki, ikiwa shingo imekakamaa pamoja na kichwa kuuma na mwanga kuchoma macho, ikiwa kuna upele wa zambarau usiofifia unapobonyezwa, ikiwa anahema kwa shida au kifua kinauma, ikiwa amechanganyikiwa, au ikiwa ana kiungo bandia, kisukari, mimba au kinga iliyopungua.

Ninaliomba gazeti lako, Ndugu Mhariri, kila litakapoandika kuhusu homa, liwape wasomaji swali moja la ziada la kujiuliza wakiwa nyumbani: je, kuna kiungo kilichovimba? Na kwa wenzangu walio kazini, nawaomba kabla hawajaandika dawa wamwambie mgonjwa avue viatu na kukunja suruali.

Wako katika huduma,
Muuguzi mstaafu